Kilomita sita zinazokula nauli yako

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kituoni Mlandizi. Giza bado halijaisha. Malori ya mizigo yanapita kwa fujo kuelekea Chalinze, na vumbi lake linabaki kwenye mashati meupe ya shule. Gari dogo la abiria linasimama. Konda anapiga bodi: "Maili Moja, Kibamba, Mbezi! Maili Moja!" Wanafunzi kumi na kitu wanasogea mlangoni.

"We denti, nimesema wawili tu! Wengine subirini gari la nyuma!"

Gari la nyuma linakuja, na konda wake anasema hivyo hivyo.

Kama unaishi Kata ya Janga, Mlandizi, Ruvu au upande wa pili kule Kisarawe, huhitaji kusimuliwa hayo. Unayaishi. Lakini hebu nikuulize swali jingine: hao wanafunzi kumi na kitu wamefikaje pale kituoni? Wachache wametembea. Wengine wameletwa na bodaboda, na kwao pesa kubwa ya siku imeshaondoka kabla konda hajafungua mdomo.

Makala hii inahusu pesa hiyo. Inahusu pia kinachotokea siku pesa hiyo isipokuwepo, maana hapo ndipo suala la nauli linapogeuka kuwa suala la afya.

TUPIGE HESABU

Chukua karatasi. Tutengeneze mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ni msichana, anaishi ndani ndani huko Janga, kilomita sita kutoka kituoni Mlandizi. Shule yake iko Kibaha, Maili Moja, ambako ni kama kilomita ishirini kwa Barabara ya Morogoro. Bei ninazoandika hapa ni za mfano tu. Wewe weka za kwenu.

Bodaboda kutoka nyumbani hadi kituoni: tuseme Sh. 1,500/=. Kwenda na kurudi, Sh. 3,000/=.

Gari kutoka Mlandizi hadi Maili Moja, kwa nauli ya mwanafunzi: tuseme Sh. 200/=. Kwenda na kurudi, Sh. 400/=.

Jumla kwa siku ni Sh. 3,400/=. Kwa siku ishirini za shule katika mwezi ni Sh. 68,000/=. Wazazi wengi wakiona namba hiyo wanasema, "Hii nauli ya magari itatuua." Lakini angalia tena. Magari yamekula Sh. 8,000/= tu. Bodaboda imekula Sh. 60,000/=.

Sasa gawanya kwa umbali. Kwenye gari, mwanafunzi wetu analipa Sh. 10/= kwa kilomita. Kwenye bodaboda analipa Sh. 250/= kwa kilomita. Hata ukimchukua mtu mzima mambo hayabadiliki sana. Desemba 2023, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, ilipanga nauli ya mabasi ya mikoani ya daraja la kawaida kuwa Sh. 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita moja. Kwa kipimo hicho kilomita ishirini ni kama Sh. 970/=. Bodaboda bado ni ghali mara tano kwa kila kilomita.

Sisemi bodaboda wanaiba. Anabeba mtu mmoja, ananunua petroli yake, analipa hesabu ya mwenye pikipiki na pancha ni za kwake. Gari linagawa gharama zake kwa watu thelathini. Ndiyo maana ukitaka kupunguza gharama za kwenda shule, usianze kwa kuhangaika na zile kilomita ishirini za lami. Anza na zile sita za mchanga.

KWA NINI KONDA ANAKUKATAA

Tukae kidogo hapa, maana wengi tunamwona konda kama mtu mwenye roho mbaya tu. Nami nimewahi kuning'inia mlangoni nikiwa na sare, begi la vitabu likipigwa na upepo, huku nikimlaani konda kimoyomoyo. Nilikuja kuelewa baadaye.

Zamani Dar es Salaam ilikuwa na shirika moja la umma la mabasi, Usafiri Dar es Salaam, UDA, lililoanzishwa 1974. Mabasi yalipopungua na kuharibika, watu binafsi wakaanza kubeba abiria kwa kujificha, na mwaka 1983 serikali ikawaruhusu. Nauli yao ilikuwa shilingi tano, ile sarafu iliyoitwa "dala", ndiyo tukapata daladala.

Mfumo wa kazi yao haujabadilika sana tangu hapo. Mwenye gari anataka "hesabu", kiasi maalumu cha pesa kila jioni. Mafuta yanatoka kwenye makusanyo ya siku. Kinachobaki ndicho cha suka na konda. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi bure.

Sasa angalia: Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya daladala kwa umbali usiozidi kilomita kumi kutoka Sh. 500/= kuwa Sh. 600/=, na ya mwanafunzi ikaachwa Sh. 200/=. Kwa hiyo kila denti akikaa kwenye kiti, konda anahesabu Sh. 400/= zimepotea mfukoni mwake. Serikali imesema mwanafunzi alipe kidogo, jambo zuri kabisa, lakini ile tofauti anaibeba mtu mwenye hesabu ya jioni. Bei ikipanda kwa watu wazima na ya mwanafunzi ikabaki pale pale, hamu ya kukukataa inapanda pia.

Hiyo haimpi haki ya kukukataa. Nauli ya mwanafunzi ni agizo, si hisani. Lakini ukijua anachohesabu, unajua pia namna ya kwenda naye. Kwenye kituo chenye wanafunzi wengi asubuhi, kumi mkilivamia gari moja, hakuna atakayeingia kwa amani. Wawili wawili kwa kila gari, kwa zamu mliyokubaliana wenyewe, mnaingia. Kuna vituo ambapo viranja wamepanga foleni ya sare na konda wakazoea. Vaa sare, uwe na kitambulisho, uwe na chenji kamili mkononi. Gari likizidi kuwakataa kila siku, andikeni namba yake ya usajili na saa, mmpe mwalimu, naye aifikishe kwa trafiki au LATRA. Karatasi yenye namba na tarehe kumi ina nguvu kuliko malalamiko ya wanafunzi mia.

"PANDA TU, HELA UTANIPA SIKU NYINGINE"

Hapa ndipo penyewe.

Siku ambayo nyumbani hakuna hela, mwanafunzi wetu ana njia tatu. Abaki nyumbani. Atembee kilomita sita gizani, saa moja na robo kama anakaza mwendo. Au akubali lifti. Kuna kijana wa bodaboda anayemwona kila siku, anajua jina lake. "Panda tu dada, nikusogeze. Hela utanipa siku nyingine."

Mara ya kwanza ni wema kweli. Wengine watabaki wema hadi mwisho, na tusiwachafue wote. Lakini wapo ambao baada ya wiki tatu wanaanza kudai. Na hawadai Sh. 1,500/=. Msichana anajiona ana deni, anaona aibu kumwambia mama, anaogopa kwamba akikataa kesho hatafika shule. Wavulana nao wasidhani yao ni salama. Wapo wanaoambiwa wapande bure kwa kubeba vifurushi wasivyojua ndani mna nini, na wapo wanaochezewa kingono na hawasemi kwa sababu wanadhani hayo ni mambo ya wasichana.

Nataka ulisikie hili vizuri: lifti si mkopo. Mtu aliyekubeba bila kukubaliana bei hana anachokudai. Hana haki hata ya kukushika mkono. Na sheria iko upande wako. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, mtu anayefanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alisema ndiyo. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikaongezwa kifungu: anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka thelathini.

Ikiwa limeshatokea, usioge, usifue nguo, nenda hospitali au kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiwa na mtu unayemwamini. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazoitwa PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na haitozwi pesa. Hakuna atakayekuuliza kwa nini ulipanda ile pikipiki, na akikuuliza, hajui kazi yake.

Sasa unaona kwa nini jarida la afya linahangaika na nauli. Unaweza kumwambia msichana "sema hapana" kila siku. Lakini "hapana" ya mtu mwenye namna nyingine ya kufika shule ni rahisi zaidi kutamka kuliko ya mtu asiye nayo.

BAISKELI: MZEE ASIYETAKA PETROLI

Wengi hawajui kwamba bodaboda yenyewe ilianza kama baiskeli. Miaka ya 1960, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, vijana walikuwa wakibeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka "boda" hadi "boda". Injini ilikuja baadaye sana. Huku kwetu pikipiki zilijaa baada ya 2000, na kanuni za kuziruhusu kubeba abiria kwa malipo zikatoka 2010.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Kilomita sita kwa baiskeli ya kawaida ni kama dakika 25 kwenye njia ngumu, 35 kama kuna mchanga mwingi na lazima ashuke asukume. Anaiacha kituoni kwa mwenye duka anayemwamini, anapanda gari hadi Maili Moja, jioni anairudia. Baiskeli inafanya zile kilomita ghali, gari linafanya zile rahisi.

Gharama? Tuseme baiskeli imara ya keria, aina ya Phoenix, pamoja na kufuli, taa na kofia ngumu, vimefika Sh. 290,000/=. Kila mwezi, pancha na mafuta ya cheni Sh. 5,000/=, na Sh. 200/= kwa siku kwa mwenye duka, yaani Sh. 4,000/=. Alikuwa anatumia Sh. 60,000/= kwa bodaboda, sasa anatumia Sh. 9,000/=. Anaokoa Sh. 51,000/= kila mwezi wa shule. Baiskeli imejilipa ndani ya miezi sita hivi. Baada ya hapo ni faida tupu mpaka atakapomaliza kidato cha nne.

Si mimi peke yangu ninayesema. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari pesa za kununua baiskeli. Watafiti wawili, Karthik Muralidharan na Nishith Prakash, walipofuatilia waliona idadi ya wasichana wanaojiunga na sekondari imepanda kwa asilimia 32. Na hapa jirani, Zambia, wasichana wa vijijini walipopewa baiskeli, muda wao wa kwenda shule ulipungua kwa karibu theluthi, na siku za kukosa shule zikapungua pia.

MASWALI MNAYOTUULIZA PEMBENI

"Eti msichana akiendesha baiskeli anapoteza ubikira?" Hapana. Ubikira maana yake ni kwamba mtu hajawahi kufanya ngono. Kiti cha baiskeli si mtu. Kile kingozi laini kwenye mlango wa uke hutofautiana kutoka msichana hadi msichana. Wengine wanazaliwa nacho kidogo sana, wengine kinatanuka chenyewe wanavyokua na kucheza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalisema wazi kwamba hakuna kipimo cha mwili kinachoweza kuonyesha kama msichana ni bikira, na yakataka vipimo hivyo vikomeshwe. Kwa hiyo shangazi akikuletea hiyo hadithi, mwamkie kwa heshima, "Shikamoo shangazi," kisha panda baiskeli yako.

"Na nikiwa kwenye siku zangu?" Endesha kama kawaida. Mazoezi kidogo hata huwapunguzia wengi maumivu ya tumbo. Kama unaumwa sana, pumzika, kama ambavyo ungepumzika bila baiskeli.

"Sketi ya shule je?" Hili ni swali la maana kuliko yote, na jibu linatoka kwa mkuu wa shule. Suruali ya michezo chini ya sketi inatosha. Muulizeni rasmi, mkiwa wengi. Chunga pia sketi isiingie kwenye cheni.

NA YA UMEME?

Sasa mnaanza kuziona. Baiskeli yenye betri chini ya keria na mota ndogo kwenye gurudumu. Unakanyaga pedali kama kawaida na mota inakusaidia. Mtu wa kawaida akikanyaga bila kujiua anatoa nguvu ya wati 75 hadi 100. Mota ndogo inayotumika sana ni ya wati 250. Maana yake ni kama una watu wawili na ushee wanaokusukuma mgongoni. Kwenye kilima au upepo wa mbele, wee! Utacheka mwenyewe. Zile kilomita sita zinakuwa dakika 18 hivi, na unafika hujalowa jasho.

Fizikia kidogo, maana hii iko kwenye silabasi yenu. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ukiwa unakanyaga, baiskeli inakula kama wati-saa 10 kwa kilomita, kwa hiyo inakwenda kilomita 36 hivi. Kuijaza, pamoja na umeme unaopotea kwenye chaja, ni chini ya nusu uniti ya LUKU. Kwa viwango vya TANESCO vilivyowekwa 2016, uniti ni Sh. 292/= kabla ya kodi kwa mteja wa kawaida, au Sh. 100/= kwa nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo kujaza betri nzima ni kama Sh. 160/= pamoja na kodi, na kwa nyumba ndogo hata Sh. 60/= haifiki. Mwanafunzi wetu anayekwenda kilomita kumi na mbili kwa siku atatumia umeme wa kama Sh. 1,000/= kwa mwezi. Chini ya bei ya bodaboda ya safari moja!

Hapo ndipo wauzaji wanaponyamaza. Sisi tuendelee na hesabu.

Tuseme baiskeli hiyo ni Sh. 1,500,000/=. Umeme Sh. 1,000/= kwa mwezi, matengenezo Sh. 8,000/=, kuihifadhi Sh. 4,000/=. Halafu kuna betri. Betri ya lithiamu inachoka, hata usipoitumia sana. Tuseme mpya ni Sh. 400,000/= na hii itadumu miezi arobaini. Lazima uweke pembeni Sh. 10,000/= kila mwezi. Jumla Sh. 23,000/=. Mwanafunzi wetu anaokoa Sh. 37,000/= kwa mwezi. Gawanya: milioni moja na nusu itarudi baada ya miezi arobaini ya shule. Mwaka una siku 194 za masomo, sawa na miezi kumi hivi ya siku ishirini. Hiyo ni miaka minne. Atakuwa ameshamaliza, na betri imekufa.

Kwa hiyo, kwa mwanafunzi mmoja wa kilomita sita, mimi ningenunua Phoenix na kubaki na chenji.

Lakini badilisha mfano. Tuseme baba anafanya kazi mbali na njia ya magari, kilomita kumi na tano kwenda peke yake, na mama anapeleka mboga sokoni Mlandizi mara tatu kwa wiki. Nyumba nzima inatoa Sh. 150,000/= kwa bodaboda kila mwezi. Baiskeli moja ya umeme ya kushirikiana, hata ukiipa Sh. 30,000/= za matunzo, inaokoa Sh. 120,000/= kwa mwezi, na inajilipa kwa kama mwaka mmoja na nusu mwezi. Hapo inalipa. Inalipa pia kwa mtu mwenye kifua au goti bovu, ambaye ile ya kawaida haiwezi. Mjini Jinja, Uganda, shirika la FABIO limekuwa likizitumia kwa wafanyabiashara wadogo na hata kubeba wagonjwa vijijini. Dar es Salaam, mradi wa SOLUTIONSplus uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ulijaribu bajaji za umeme za kuwafikisha abiria kwenye vituo vya mwendokasi, mabasi yale yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Wazo ni lile lile: basi kubwa kwa njia ndefu, kitu kidogo cha bei nafuu kwa kipande cha mwanzo.

Kabla nyumbani hawajatoa pesa, waulize mambo haya. Fundi wa karibu anayejua ile mota yuko wapi? Mafundi wa Mlandizi wanaijua Phoenix macho yakiwa yamefumbwa, lakini kidude kinachoongoza mota kikifa, cheni na spana hazisaidii. Betri mpya inapatikana wapi, kwa bei gani? Betri inatoka ili uingie nayo dukani au nyumbani? Na je, betri ikiisha njiani, unaweza kuikanyaga? Nyingine zina kilo 25 au zaidi; kwenye mchanga ni kama kusukuma mbuzi asiyetaka.

Usinunue betri iliyokwishatumika. Usiichaji na chaja ya kitu kingine. Usiichaji usiku mmelala, wala karibu na mlango ambao ndio njia yenu ya kutokea. Betri iliyovimba au iliyoanguka vibaya isiguse umeme tena. Lithiamu ikiwaka haizimwi kwa kitenge. Ni kutoka mbio na kuita watu.

BARABARANI

Usiendeshe baiskeli kwenye Barabara ya Morogoro kama kuna njia nyingine yoyote. Nimesema, baiskeli ni ya kilomita za ndani. Lori la mafuta likikupita kwa karibu, upepo wake peke yake unakutosa mtaroni. Ukilazimika kuvuka, shuka, sukuma, vuka kwa miguu.

Kaa kushoto. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kipande cha kitambaa kinachong'aa kwenye begi. Kofia ngumu si urembo: mfupa wa mguu unaunga, ubongo haungi. Baiskeli ya umeme ina hatari yake ya ziada, haina mlio. Mama aliyebeba ndoo kichwani hatakusikia ukija kwa kilomita 25 kwa saa. Piga kengele mapema.

Na msiende mmoja mmoja. Watano wa mtaa mmoja mnakubaliana saa na mti wa kukutana, mnaondoka pamoja, mnarudi pamoja. Mmoja akipata pancha, wote mnasimama. Msafara wa taa tano kwenye giza la alfajiri hakuna mtu atakayeusimamisha kuuliza maswali ya kijinga. Mwenye duka kituoni naye akiona baiskeli tano badala ya moja, atapunguza bei, nanyi mtapata kijana mmoja wa kuzilinda.

Zoezi kwa wiki hii: andika kila safari yako, siku tano, kila shilingi. Tengeneza safu mbili, moja ya magari, nyingine ya kufika kituoni tu. Siku ulizopewa lifti usiziruke. Ziandike pia, weka sifuri kwenye bei, na pembeni andika nani alikubeba. Jumapili jioni, mzazi akiwa ametulia na chai yake, mwonyeshe karatasi hiyo. Safu ya pili ndiyo itakayomshtua, na zile sifuri zaidi.